Naomba ushauri: kupiga picha ndege wanaokuja kula uani

Habari zenu wakuu. Nimetundika chombo cha mbegu uani na ndege wa porini wameshakizoea, wanakuja hasa asubuhi. Natumia lenzi ya milimita 300. Ndege akitulia, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inatosha kabisa, manyoya yanaonekana moja moja. Shida ni pale anapokuja kutua. Nikipandisha hadi 1/2000 mabawa yanaganda vizuri, ila ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) nayo inapanda na picha inajaa chenga, maana asubuhi yote pale ni kivuli. Nihamishie chombo kwenye mwanga, au watakihama? Flashi sitaki, nahofia kuwashtua.

Nimefunga tawi kavu pembeni ili watue hapo kwanza. Ndege juu ya tawi anapendeza kuliko juu ya plastiki.

Jingine: napigia ndani, dirishani, na kioo kinaleta mng'ao. Nikifungua dirisha wanakimbia. Mliozoea, mnajificha wapi? Kibanda cha kitambaa kinafaa, na ndege huchukua muda gani kukizoea?