BPA (kemikali ya kutengenezea plastiki) ikitolewa, mbadala wake hauwadhuru kome?

mfuga_igombe: Wakuu habari, mi huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, naokota magamba ya kome nasaga nachanganya kwenye msosi wa kuku wa mayai. Sasa dogo mmoja wa chuo kaniambia chupa ikiandikwa haina BPA mara nyingi kuna ndugu yake humo, anaitwa BPS. Hiyo kitu ikifika ziwani kome anadhurika kweli au stori za kijiweni tu?

maabara_tu: Dogo yuko sawa. Ulaya walipiga marufuku BPA kwenye chupa za watoto 2011, ikaja karatasi za risiti 2020, viwanda vikahamia BPS ambayo umbo lake linakaribiana mno na nayo inaigiza homoni ya estrojeni, kwa hiyo mimi hapo sioni nafuu ya maana. Kome ana chembe za damu zinazomeza bakteria, ndo askari wake, wataalamu wanazinyonya kwa sindano wanaziweka rangi nyekundu, chembe yenye afya inaishikilia hiyo rangi ndani ya laisosomu, yaani vifuko vyake vya kumeng'enya, iliyoumia inaivujisha mapema. Kwa kome wa baharini BPA imeonekana kulegeza hizo laisosomu.

mama_kirumba: Na mto Mirongo mvua ikipiga unashusha machupa yote ya mjini ziwani, kome kazi yake kuchuja maji kutwa, atakwepea wapi jamani 😅

mfuga_igombe: Duh. Na kuku wangu je?

maabara_tu: Gamba lenyewe ni kalsiamu kaboneti, kemikali hizi zinakaa zaidi kwenye nyama. Toa mabaki yote, osha, anika, ndo usage.