Pampu yavuja, na bwawa limegeuka tui la nazi

MlinziBamburi:
Asalaam aleikum jamaa. Nyumba si yangu, ni ya kaka yangu aliye Doha. Mimi nakaa chumba cha nyuma na kuitunza. Ina bwawa la mita 8 kwa 4, naye anakuja Ijumaa ya wiki ijayo na watoto watatu ambao kila nikiongea nao kwa simu salamu ni moja: "Ami, bwawa liko tayari?"

Haliko tayari. Pampu yadondosha maji chini kabisa, pale mota inapokutana na kichwa cha pampu. Pamefanya ukoko mweupe kama chokaa na nati za miguu ya mota zimeliwa na kutu. Halafu maji yenyewe. Yalianza kijani wiki mbili nyuma, nikamwaga klorini ya unga vikombe vinne usiku. Asubuhi kijani kimeondoka lakini yamekuwa tui. Kasimile hasa, ngazi ya pili ya kuingilia siioni. Nikaongeza vikombe viwili, tui likazidi.

Na kila asubuhi nakuta yamepungua kama sentimita 2, basi nafungulia mpira wa kisima najaza. Fundi aliyekuja aliangalia pampu bila hata kuchutama, akasema imekufa, toa 45,000 nikuletee nyingine. Kabla sijampigia kaka, nani amepitia haya?

Kijana wa Feri:
Jaza udongo panda mchicha. Kaka akifika mwambie ni mradi.

FundiMstaafu:
Wewe wa mchicha nyamaza kidogo.

Mwanangu wa Bamburi, usinunue kitu bado. Sentimita 2 kwenye bwawa la 8 kwa 4 ni lita 640. Ni ndoo 32 za lita ishirini, kila siku. Hilo tone la pampu haliwezi kubeba ndoo 32, ungekuwa umeshalala juu ya maji hapo kwenye chumba cha mashine. Kaskazi hii inavyovuma hukausha kiasi, lakini si chote hicho. Fanya haya halafu uniambie:

Weka kopo la lita moja chini ya tone, shika saa, uone lajaa kwa muda gani.

Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya kwanza iwe imezama nusu. Tia alama ya kalamu ndani ya ndoo na nje yake. Siku moja pampu ikifanya kazi, siku ya pili imezimwa. Ndoo inakuonyesha jua na upepo vimechukua ngapi. Kinachozidi nje ya ndoo ndicho kinachovuja.

Na nenda pale bomba la kumwaga maji machafu ya bwawa linapotokea. Pampu ikiwa inazunguka, valvu ikiwa kwenye kuchuja, hapo panatakiwa pawe pakavu. Tia mkono.

MlinziBamburi:
Shikamoo mzee. Kopo limejaa kwa dakika 40. Pampu naiwasha kwa muda wa saa nane kila siku, kwa hiyo ni lita 12 tu.

Ndoo: pampu ikizunguka, ndani ya ndoo milimita 6, nje 21. Pampu ikizimwa, ndani 6, nje 7.

Bomba la maji machafu limepita chini ya ukuta, linatokea upande wa jirani penye migomba. Nimeomba ruhusa nikaingia. Mzee wangu, maji yanakwenda kama mfereji wa kutawadhia. Na migomba ile sijaona Bamburi nzima iliyonawiri namna hiyo.

FundiMstaafu:
Marahaba. Basi mwizi amejitaja.

Juu ya tangi la mchanga, lile linalochuja maji, kuna valvu yenye mkono wa kuzungusha. Ndani yake mna raba moja yenye matundu kama gurudumu la baiskeli. Raba hiyo ikikatika au kuinuka, maji badala ya kurudi bwawani yote, sehemu yake inatoroka kwenye bomba la kumwaga. Nitakuuliza na usione haya: umewahi kuzungusha ule mkono pampu ikiwa inafanya kazi?

MlinziBamburi:
...Mara nyingi. Kumbe haifai?

FundiMstaafu:
Haifai hata mara moja. Zima, ngoja sindano ya presha ishuke, bonyeza mkono chini, ndipo uzungushe. Fungua skurubu za kifuniko, piga picha raba ilivyokaa, toa, nenda nayo mkononi dukani. Usinunue kwa kukisia.

Sasa pampu. Inavuja kwa sili, vipande viwili vinavyosuguana kwenye shafti: kimoja cheusi chenye springi, kingine cheupe cha kauri. Maji yakishuka chini ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu, pampu inavuta hewa, vile vipande vinasuguana vikavu na kuungua. Unaona mambo yalivyofuatana? Valvu imeiba maji, upungufu ukaua sili. Sili ni bei ya mlo wa watu wanne, si 45,000. Zima stima kwenye swichi kuu, si ya ukutani tu, maana hapo pana maji na chuma. Ukifungua, osha mikono kwanza. Uso wa kauri usiuguse kwa kidole, usiupake grisi, futa kwa kitambaa safi. Raba yake ipake maji ya sabuni itaingia.

Ila zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza kama ina mchanga ndani, maji yameshaingia kwenye beringi, na hapo yule fundi wako huenda alibahatisha.

Bi Kizingo:
Kuhusu tui, mdogo wangu, mimi nimelilia hilo mwaka mzima. Maji ya visima vyetu hapa yanapita kwenye matumbawe, ni magumu, yamejaa chokaa. Ndiyo ule ukoko wako mweupe. Na klorini ya unga nyingi inayouzwa hapa ni ya kalisi, inaongeza chokaa na kupandisha pH, kile kipimo cha uasidi wa maji. Wewe umemwaga juu ya maji magumu, chokaa ikatoka ndani ya maji ikaelea. Umepima pH?

MlinziBamburi:
Nimenunua vile vikaratasi leo. Rangi imefika mwisho wa boksi, 8.4.

Bi Kizingo:
Basi klorini unaitupa bure. pH ikifika 8, inayobaki na nguvu ni kama robo. Ishushe hadi 7.4 hivi. Asidi nusu lita, uichanganye kwenye ndoo iliyokwisha kuwa na maji (asidi ndiyo inaingia kwenye maji, usigeuze kamwe), mwaga ukizunguka bwawa pampu ikienda, ngoja muda wa saa nne, pima tena. Na asidi isiwekwe rafu moja na klorini. Kwetu zilikaa pamoja, mlango wa stoo ukaoza bawaba na mimi nikakohoa siku mbili. Watoto wasiingie mpaka uione sakafu ya kina kirefu, hata wakilia.

MlinziBamburi:
Kurudisha majibu. Raba ya valvu ilikuwa imekatika pande mbili. Sili nimebadilisha mwenyewe, ile kauri ya zamani ina mikwaruzo ya duara kama sahani ya santuri. Shafti inazunguka laini. Jumla nimetumia 3,900. Asidi nimetia mara tatu, pH 7.5, pampu nimeiacha usiku na mchana siku tatu, nasafisha mchanga presha ikipanda. Jana jioni nimeona ngazi ya nne. Leo naona kipini cha nywele kimelala chini kabisa, sijui cha nani.

Ndoo na bwawa sasa vinapungua sawa. Ila mama wa jirani amenisimamisha langoni asubuhi, anauliza mbona migomba haipati maji siku hizi. Nimemwambia nitaangalia.