Subaru Impreza kwa mbio za mita 402 Nairobi: turbo au klachi kwanza?

Mwana_Rongai: Wakuu, nina Impreza WRX ya 2004, injini EJ205, gia tano. Nataka niiingize kwenye mbio za mita 402 (robo maili, barabara iliyonyooka). Pesa inatosha kitu kimoja kwa sasa. Fundi wangu anashikilia ninunue turbo kubwa (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini).

Mzee_wa_Spana: Fundi wako anauza turbo, ama? Sikiza kijana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ina mgandamizo pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Turbo ikitaka kuijazia injini hewa ileile lazima izunguke kasi zaidi, na hewa inatoka ikiwa na joto zaidi. Ukiongeza hewa bila pampu ya mafuta na injekta (vinyunyizi vya mafuta) za kutosha, mafuta yanalipuka ovyo ndani na injini inaanza kugonga, kisha pistoni zinapasuka. Na hiyo gia tano ndiyo udhaifu wa gari lako: ukiachia klachi kwa fujo, magurudumu yote manne yanashika lami na meno ya gia ndiyo yanayolipa. Nunua klachi nzuri, tia oili mpya ya gia, jifunze kuondoka vizuri pale mstari wa kuanzia. Turbo itangoja.

Dada_Boksa: Naongezea tairi. Zilizokauka hazishiki hata ukiwa na klachi ya dhahabu.

Mwana_Rongai: Asante mzee. Na plagi za cheche je, nibadilishe?

Mzee_wa_Spana: Ukiongeza bust (msukumo wa hewa ya turbo), weka za baridi zaidi kwa daraja moja, yaani zinazopoteza joto haraka. Kwa sasa zako zinatosha.