Kijiwe cha figo: maumivu yamehamia chini, ndiyo kinatoka?

Wakuu, naombeni ushauri. Jumanne usiku niliamshwa na maumivu ya ubavu wa kushoto, kwa nyuma. Nililala sakafuni, nikapiga magoti, nikazunguka chumba kizima, hakuna mkao uliosaidia. Yanakuja, yanapoa, yanarudi, kama uchungu wa kuzaa (kasema mke wangu, sikubishana). Nikatapika mara mbili. Hospitali walipiga picha wakaona kijiwe cha milimita 4 kwenye mrija wa kutoka figo kwenda kibofu. Nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa nisubiri.

Leo siku ya nne. Ubavu umetulia, ila maumivu yameshuka kinenani hadi kwenye korodani. Kila dakika kumi nabanwa, nikienda ni matone tu, na yanachoma. Asubuhi mkojo ulikuwa na wekundu. Ni kawaida?

Kiherehere: Piga bia mbili, kinateleza.

Mzoefu_2: Usimpoteze mwenzio, ana dawa tumboni. Mkuu, pole. Kikikaribia kibofu ndipo kinakudanganya una mkojo wakati hamna kitu. Cha ukubwa huo mara nyingi hutoka chenyewe, ila kinaweza kuchukua hata wiki kadhaa. Kojolea kwenye chujio. Ukikipata kipeleke maabara wajue ni cha aina gani.

Mama Watatu: Mimi nilidhani kinaumiza kwa kukwaruza. Kumbe mkojo ukizibwa, figo inajaa na kuvimba, ndiyo maumivu yale. Nilipojibugia maji wakati yamepamba moto, yalizidi. Kunywa kidogo kidogo siku nzima. Na maumivu yakikata ghafla usishangilie, rudi wakupige picha. Langu lilikuwa bado limekaa humo kimya.

Nesi wa Zamu: Mbona hakuna aliyeuliza homa? Wekundu kidogo na kuchoma ni vya kutarajiwa. Ila ukipata homa au kutetemeka kwa baridi, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje asubuhi. Mkojo uliozibwa ukipata maambukizi, sumu inaingia kwenye damu haraka. Vilevile mkojo ukikata kabisa, au ukitapika hadi dawa haikai. Una figo zote mbili?

Mleta uzi: Zote mbili. Homa nimepima sasa hivi, 36.8. Nimechukua chujio la chai. Mke kasema halirudi jikoni.