Pipa la dharura ya mafuta: nimelifungua nikakuta kandambili

StooMtoni
Wakuu habari za jioni. Natunza stoo kwenye yadi ya malori hapa Dar. Wiki tatu zilizopita foklifti ilitoboa pipa la haidroliki la lita 200, tundu chini kabisa. Mafuta yakashika njia ya mtaro, na mtaro wetu hauna siri, unaishia baharini. Nikakimbilia lile pipa la njano la dharura, lenye vitambaa vya kufyonza na soksi ndefu za kuzungushia.

Nikafungua. Soksi mbili, zilitakiwa sita. Vitambaa kama kumi, vya kijivu, vimelowa maji ya masika vikawa vizito kama blanketi. Glovu hakuna. Chupa mbili za maji ya kunywa, tupu. Na kandambili moja, ya kushoto.

Kwenye mfuniko kuna karatasi ya ukaguzi. Kila mwezi imeandikwa "SAWA" na kusainiwa. Wakuu, ile sahihi ni yangu. Nilikuwa naangalia mfuniko kama upo, nasaini, naendelea na mambo mengine.

Aliyetuokoa ni utingo mmoja. Alilibingirisha pipa mpaka tundu likaangalia juu, mafuta yakakoma, kisha akaleta mchanga kwa koleo na kuziba mdomo wa mtaro. Mimi nilikuwa bado nimeshika kandambili.

Bosi sasa anataka utaratibu wa maandishi. Naomba msaada: nikague mara ngapi, nikague nini hasa, hivi vitu vina mwisho wa matumizi? Na ule mchanga wenye mafuta bado upo kwenye viroba nyuma ya stoo, nifanye nao nini?

KijanaWaChangamwe
Pole sana ndugu. Huku kwetu Mombasa tuliteseka vivyo hivyo hadi tukaweka sili, zile za plastiki zenye namba, kama za kontena. Namba unaiandika kwenye daftari. Ukipita asubuhi unaangalia namba tu, hata nusu dakika haiishi. Sili imekatika, mtu ameingia, unafungua na kuhesabu. Lakini usiweke kufuli la ufunguo! Mafuta yanamwagika saa nane usiku na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyelala Likoni.

MzeeWaDepo
Mwanangu StooMtoni, kwanza umekiri sahihi ni yako. Nimefanya kazi kwenye depo za mafuta tangu nikiwa na nywele, na wanaokiri ni wachache.

Sasa nikuulize, vitambaa vimeenda wapi? Hakuna mwizi aliyekuja usiku. Fundi alitaka kufuta mikono, dereva alitaka kufuta kioo, wa tatu akachukua glovu akashika betri. Wamechukua kwa sababu gereji yenu haina matambara. Sili ya huyo kijana wa Mombasa ni nzuri, lakini ukifunga pipa na fundi bado hana cha kufutia mikono, sili ataikata. Nunua marobota ya matambara uyaweke pale wanapofanyia kazi. Utaona pipa lako linavyotulia.

Ukaguzi: sili kila siku ukipita. Mara moja kwa mwezi fungua, toa kila kitu nje, kitandaze sakafuni, hesabu kwa orodha. Kutandaza, si kuchungulia. Na baada ya kila tukio, hata la lita mbili, jaza upya siku hiyo hiyo.

Vitambaa vyenyewe haviozi. Vikikaa pakavu na kivulini vinadumu miaka. Adui yake ni jua, ile ni plastiki iliyosokotwa, jua likiipiga inapukutika. Vyako vya kijivu hufyonza chochote, maji pia, ndiyo maana mvua imevimaliza. Kwa yadi ya wazi kama yenu, tafuta vyeupe vya mafuta tu. Ukitaka kuvijaribu, dondoshea maji: yatasimama juu yake kama kwenye jani la gimbi. Vinaelea pia, kwa hiyo hata mtaro ukiwa na maji vinakamata mafuta juu yake. Rangi hizi ni mazoea ya watengenezaji, si sheria, kwa hiyo soma lebo kabla ya kulipa.

Vinavyozeeka ni vile vidogo unavyovidharau. Glovu: vuta kidole kimoja, kikipasuka tupa jozi. Miwani: angalia mpira wa nyuma. Mifuko ya taka: joto la Dar huifanya ikatike kama ganda la kitunguu, na mfuko ukipasuka na taka ndani umemwaga mara ya pili. Hakikisha na kamba za kufungia zipo, husahaulika kila mara.

Angalia pia ujazo. Lebo ikisema lita 50, maana yake ndicho kiasi kitakachofyonzwa. Nyinyi mna mapipa ya lita 200. Piga hesabu mwenyewe. Halafu pipa la dharura likae karibu na mapipa ya mafuta lakini si ubavuni mwake, maana yakimwagika utalazimika kuyakanyaga ili ufike kwenye dawa.

Mchanga wako sasa ni taka hatarishi. Usiumwage shimoni, usimpe mtu akajazie uwanja. Uweke kwenye pipa lenye mfuniko, andika kilichomo na tarehe, umwite mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi, umwombe akuonyeshe kibali chenyewe. Wakaguzi wa mazingira wa serikali wakija watauliza karatasi za makabidhiano.

Huyo utingo alifanya kwa mpangilio sahihi: kwanza akazuia chanzo, kisha akaziba mtaro. Kufyonza ni baadaye. Mpeni hata soda.

Mbishi_Tz
Mbona mnajitesa? Maranda ya mbao bure kabisa pale kwa fundi seremala, gunia zima. Hivyo vitambaa ni biashara ya wazungu.

MzeeWaDepo
Mbishi, kwa dizeli na haidroliki maranda yanafyonza, sikatai. Yakilowa mvua ndio basi. Lakini usiyapeleke kwenye asidi ya naitriki wala haidrojeni peroksaidi, yanaweza kuwaka moto yenyewe. Asidi ya betri inataka bikaboneti ya soda, unaanzia ukingoni kuelekea katikati, polepole, mpaka povu liishe. Na bikaboneti ikaguliwe pia, ikishika unyevu inakuwa jiwe.

Petroli ni habari nyingine. Hapo kabla ya kitambaa ni kuondoa watu na kuzima kila kitu. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la petroli lilianguka, watu wakaja na madumu kuchota, likalipuka, tukazika zaidi ya 100. Sipendi kuandika zaidi.

StooMtoni
Shikamoo Mzee, asante sana, na wewe kijana wa Changamwe. Mrejesho: nimetandaza kila kitu kwenye turubai mbele ya mafundi wote, nikahesabu kwa sauti. Kimya kilikuwa kikubwa. Robota la matambara limefika Jumanne, vyeupe nimeagiza, pipa limehamia chini ya paa karibu na mlango. Karatasi ya zamani nimeiondoa. Mpya ina nafasi ya kuandika idadi, neno "sawa" halimo.

Sili ya kwanza nimefunga leo asubuhi, inaishia na 41. Mwenye kandambili hajajitokeza, ipo juu ya rafu.