Wauza prosesa wa Arusha, acheni kuwaambia watu "itaingia tu"

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Kuna muuza vipuri vya kompyuta hapa mjini, duka halikosi watu, kamuuzia dada yangu prosesa (ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta) ambayo haiwezi kufanya kazi kwenye mashine yake. Tumemrudia, anatujibu mali ikiuzwa hairudi.

Dada ana steshenari Ngarenaro. Mashine yake ni kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7040, yenye prosesa ya Intel i5-6500, jenereshi (yaani toleo) ya 6. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwenye mashine hiyo ndiko watu wanakofanyia mambo ya TRA na watoto wanaombea mkopo wa chuo, nywila zao zote zinapita humo. Akataka Windows 11. Alishaambiwa kwamba inataka Intel ya jenereshi ya 8 kwenda juu, na ni kweli. Akaibeba mashine nzima mpaka dukani ili asikosee. Jamaa akafungua, akachungulia soketi, ile sehemu prosesa inapokaa, akasema: "Dada, yako 1151, hii i5-8500 ya jenereshi ya 8 nayo 1151. Itaingia tu." Dada akatoa laki na nusu taslimu, na ile i5-6500 ikabaki dukani kama sehemu ya malipo.

Kuingia iliingia. Kuwaka, haikuwaka. Feni inazunguka, taa ya kitufe inapepesa rangi ya chungwa, skrini nyeusi. Jamaa akasema tatizo ni RAM (kumbukumbu ya mashine), akamuuzia RAM nyingine. Nyeusi vile vile. Akasema basi madabodi, ile bodi kuu ya mashine, imekufa, alete hela auziwe madabodi! Mashine iliyoingia dukani ikiwa inachapa kazi!

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Intel walileta soketi ya LGA 1151 mwaka 2015 na jenereshi ya 6, ya 7 ikaitumia hiyo hiyo. Mwishoni mwa 2017 ilipokuja ya 8 kwa kompyuta za mezani, wakaacha umbo lile lile na pini zile zile 1151, ila wakabadilisha kazi za pini. Za kuingiza umeme zikapanda kutoka 128 hadi 146, na nyingi zilizokuwa za akiba zikapewa kazi. Ndiyo maana prosesa inakaa vizuri, kifuniko kinafunga bila kulazimisha, halafu mashine haiwaki. Jenereshi ya 8 na ya 9 zinataka madabodi yenye chipseti (chipu inayosaidiana na prosesa) za 300: H310, B360, Q370, Z390 na wenzao. OptiPlex 7040 ina Q170. Ufunguo kuingia kwenye kitasa si kufungua mlango, na Dell hawajatoa BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashine) ya kuifanya 7040 ipokee prosesa ya jenereshi ya 8.

Jibu la haki lilikuwa moja: "Dada, kwa madabodi hii hakuna prosesa itakayokufikisha kwenye orodha ya Windows 11. Tafuta mashine ya jenereshi ya 8, kama OptiPlex 7060, au ubaki na yako." Angepoteza mauzo ya siku moja. Na mtu aliyeambiwa ukweli namna hiyo angerudi kununua hiyo mashine kwake.

Mwenye mashine ya zamani zaidi, jenereshi ya 2 na ya 3 ni soketi 1155, ya 4 ni 1150. Hizo ukichanganya hazikai kabisa, unajua hapo hapo. Ya 7 kwenye madabodi iliyotoka na ya 6 mara nyingi inataka BIOS isasishwe kwanza, wakati prosesa ya zamani bado ipo ndani. Na nyingi ya zile OptiPlex ndogo za Micro zimetengenezewa prosesa za wati 35, zenye herufi T mwishoni mwa jina. Usiuziwe ya wati 65 ukaambiwa ni sawa tu.

Kukagua kwenyewe si kazi. CPU-Z ni programu ya bure, fungua ukurasa wa Mainboard, chipseti utaiona hapo. Kwa Dell kuna stika ya Service Tag kwenye boksi, unaingiza namba hiyo kwenye tovuti yao unapata modeli na maelezo yake yote. Stika hiyo ilikuwa mbele ya macho ya huyu bwana wakati anafungua mashine.

Eti mali ikiuzwa hairudi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, na ni biashara yake kuuza vitu hivyo, basi kitu hicho kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Dada alimweleza kazi. Mashine yenyewe ilikuwa juu ya kaunta yake! Ila risiti aliyoandikiwa kwa mkono inasema "prosesa 1" na bei, basi. Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakupewa.

Tunachodai: hela ya prosesa, hela ya RAM, na i5-6500 yetu. Hiyo ya mwisho anasema keshaiuza. Basi alete nyingine ya aina hiyo hiyo, wiki hii, maana steshenari imefungwa na wateja wanahamia kwa jirani. Kama kuna mtu hapa Arusha au Moshi aliwahi kurudishiwa hela kwa kesi ya namna hii, aseme alianzia wapi. Na unaponunua prosesa, muuzaji aandike kwenye risiti modeli ya mashine ambayo prosesa hiyo inakwenda kuwekwa. Akikataa kuandika, toka na hela yako.