Anayetaka kura ya mlolongo irudi, aje kwanza Murang'a atuulize

Wadau, tangu Jumamosi nina hasira na sitaki kuificha. Kwenye mkutano mmoja wa chama huku kwetu Murang'a, Kenya, amesimama kijana akapendekeza mchujo ujao wa wagombea wa chama ufanywe kwa mlolongo, yaani watu wajipange nyuma ya mgombea wanayemtaka na kuhesabiwa hadharani. Eti ni rahisi, hakuna karatasi za kuchapisha, na kila mtu anajionea kwa macho. Watu wakapiga makofi! Na kati ya waliopiga makofi walikuwemo wazee wenye mvi waliosimama kwenye milolongo hiyo hiyo mwaka 1988. Kijana naweza kumsamehe kwa kutojua. Hao wazee siwezi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Eneo bunge letu silitaji, maana watoto wa waliohusika ni majirani zangu mpaka leo. Tarehe 22 Februari 1988 baba aliamka mapema, akavaa koti lake la kanisani, akatia mfukoni kadi ya KANU, chama kilichotawala. Bila kadi hukuruhusiwa kupanga foleni, kwa hiyo hata kabla ya kuhesabu, watu wengi walikuwa wameshatupwa nje. Uwanjani wakala wa kila mgombea alisimama ameinua picha juu, na wewe unajipanga nyuma ya picha unayoitaka. Mlolongo wa baba ulitoka uwanjani, ukapita mti wa mugumo, ukashuka mpaka barabara ya magari. Ule mwingine haukufika hata nusu ya uwanja. Sisi watoto tulikuwa tumekaa ukingoni, na mtoto yeyote anajua kipi kirefu na kipi kifupi. Karani akapita na fimbo akigusa mabega, akaandika kwenye kijitabu. Jioni akatangazwa mwenye mlolongo mfupi.

Sasa niambieni, ungekata rufaa kwa kushika nini mkononi? Kura ya karatasi inabaki sandukuni, unaweza kuomba ihesabiwe tena mbele ya hakimu. Mlolongo ukivunjika watu wameenda kukamua ng'ombe, na kilichobaki ni kijitabu cha karani. Huo ndio "uwazi" mnaousifia?

Na halikuishia hapo. Wiki hiyo hiyo baba alipeleka kahawa kiwandani, ikakataliwa, wakamwambia amechuma mbichi. Ilikuwa nyekundu tupu, mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba debe moja kichwani. Mtu mmoja pale kwenye mizani akamwambia, "Mzee, si tulikuona uliposimama?" Baba akamwaga ile kahawa chini, akaketi juu ya jiwe. Sijawahi kumwona ameketi vile tena.

Wanaojibu kwamba ule ulikuwa mchujo tu, na kwamba kura yenyewe ya tarehe 21 Machi ilikuwa ya siri, wasome kanuni ya asilimia 70. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 kwenye mlolongo alipita bila kupingwa. Kura ya siri hakuiona. Na chama kilikuwa kimoja tu kisheria tangu 1982, kwa hiyo ukitolewa kwenye mchujo hukuwa na pa kwenda. Kijitabu cha karani ndicho kilichochagua mbunge.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa Murang'a tulikuwa tumeshapitia mambo ya kutosha kwenye kura, tulipaswa kuwa walimu wa nchi hii. Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Mkoa wa Kati wote ulikuwa eneo moja, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura mpaka awe na cheti cha uaminifu kutoka kwa serikali ya mkoloni. Juu ya hapo kura hazikuwa sawa. Kwa elimu, mapato, mali au utumishi, mmoja alipewa kura moja na jirani yake akapewa mbili au hata tatu. Ndivyo Bernard Mate, Mmeru, alivyomshinda Eliud Mathu, Mkikuyu. Mwaka uliofuata viti vikaongezwa na Julius Kiano akaingia kupitia kusini mwa mkoa. Kadi ya KANU mwaka 1988 na kile cheti cha 1957 mimi naviona ni ndugu wa tumbo moja: mwenye serikali kwanza anakuchagua wewe, ndipo wewe umchague yeye.

Halafu angalieni eneo bunge la Mbiri huku Murang'a, ambalo baadaye likaitwa Kiharu. Mwaka 1979, chini ya chama kimoja hicho hicho, Kenneth Matiba alimwangusha Kiano aliyekuwa waziri kwa miaka mingi. Watu waliingia kibandani peke yao, wakafanya walilotaka, wakarudi nyumbani. Ndiyo sababu Agosti 1986 chama kikapitisha mlolongo. Gharama za karatasi zilikuwa kisingizio. Makasisi walipiga kelele mapema, kina Henry Okullu, Alexander Muge, Timothy Njoya, wakatukanwa. Mwisho wa 1988 Matiba mwenyewe akajiuzulu uwaziri kwa sababu ya wizi wa kura ndani ya chama. Desemba 1990 KANU yenyewe, yenyewe, ikauzika mlolongo kwenye mkutano wake wa wajumbe Kasarani, Nairobi. Waliouzaa waliona haya, nyinyi mnataka kuufukua?

Nimemwandikia mwenyekiti wa tawi barua kupinga pendekezo hilo na nimemwomba alisome jina langu mbele ya wanachama. Mkutano unaendelea Jumamosi ijayo. Mama atakuja nami, ana miaka 79, na atakuja na ile kadi ya baba, ambayo bado iko kwenye mkebe wa Kimbo pamoja na risiti za kahawa. Kama kuna mwingine humu aliyesimama kwenye mlolongo mwaka 1988, upande wowote, mrefu au mfupi, naomba aandike hapa chini aliona nini. Nitachapisha maandishi yenu na kuyapeleka pale mezani.